Usiuzibe

Lumbasi aliniletea spika Jumanne,
kaibeba kichwani kutoka Ngara kama kreti ya soda,
akaitua kwenye benchi langu, Barabara ya Kirinyaga,
kati ya redio mbili zilizokufa na birika la jirani.
Karatasi ya ndani ilikuwa imepasuka
kutoka kitovuni hadi ukingoni.
Nikafungua gundi. Nikachana gazeti vipande.
Miaka thelathini na moja naziba mipasuko;
taarifa za habari zimeingia humu zikikohoa,
zikatoka zimepona.
Akanishika mkono. "Mama Mwongeli, usiuzibe.
Niondolee ule mvumo tu. Mpasuko niachie."

Mgonjwa gani huyu,
anatafuta dawa ya kikohozi, kidonda anakilinda?

Akachomeka gitaa.
Mtaa mzima uligeuka: wauza vipuri,
mwenye mkokoteni wa betri kuukuu,
hata fundi wa gia, aliyekufa sikio la kushoto.
Sauti ilitoka na matope miguuni,
ikanguruma, ikaburuta mabati barabarani.
Nikamwambia: hii ni hasira ya mtu aliyeshiba.
Akacheka. "Subiri nikuonyeshe mamaye."

Akatoa simu, yenye kioo kilichopasuka pia
(huyu kijana na mipasuko yake).
Wimbo ule ule, akasema, ila wa zamani,
wa wajukuu wa waliouzwa,
waliochuma pamba isiyokuwa yao ng'ambo ya bahari.
Kwanza nikasikia mafuta yakikaangika,
ule mchakacho wa santuri.
Kisha mtu mmoja. Gitaa moja, nyuzi hazipatani.
Mguu wake ukipiga ubao.
Mstari wa kwanza akausema.
Wa pili ukawa ule ule,
kama mtu anayebisha hodi tena
kwa kuwa mara ya kwanza wenyeji walijifanya hawapo.
Wa tatu ukafungua mlango,
na nyumba ilikuwa tupu.

Kiingereza chake sikukishika.
Mguu niliujua.

Njiru, nyuma ya machimbo ya mawe, mama yangu
aliketi juu ya gunia, miguu kainyoosha,
akivunja kokoto kwa nyundo ya kichwa kidogo,
debe kwa debe, bei akiipanga mwenye lori.
Ngo. Ngo. Halafu pumzi.
Aliimba Kikamba kilichobaki nusu,
mstari mmoja mara mbili, ya tatu akiiachia nyundo.
Sisi watoto tulidhani amesahau maneno.
Kidole chake cha shahada kilipasuka
kisifunge mwaka mzima;
akakizungushia mpira wa baiskeli, akaendelea.
Hakuna aliyemrekodi.
Sisemi wimbo ulitoka Njiru. Haukutoka.
Nasema anayelipwa kwa debe
hupata mdundo wake popote alipo.

Nikamuuliza Lumbasi, "Na wewe unalia nini,
mtoto wa mwalimu wa hesabu?"
Akatazama viatu vyake.
"Sijui bado. Napiga kwa nguvu
nisije nikasikia kwamba sijui."
Hilo nililipenda kuliko gitaa lake.

Mvumo nikauondoa: waya wa ardhi ulikuwa umelegea,
kazi ya dakika nne.
Mpasuko nikauacha. Ila pale mwishoni,
pale ungeendelea kukimbia hadi spika iwe mbili,
nikadondosha tone moja la gundi.
Hakuniona.
Nikamtoza mia tatu:
mia ya waya, mia mbili za kujizuia.

Ijumaa alinialika. Klabu iko juu ya duka la matairi.
Sikwenda; nina magoti.
Lakini nilifunga kibanda saa tatu badala ya saa moja,
upepo ukitoka Ngara,
nikasikia, au nilidhani nimesikia,
mstari,
mstari ule ule,
halafu kimya, kirefu kuliko alichozoea.